Kukaribia Kutua kwa ILS kwa Usahihi: Mwongozo Kamili kwa Rubani Mwanafunzi wa Dar es Salaam

Mwanafunzi anayeanza kujifunza kukaribia kutua kwa ILS, yaani mfumo wa mawimbi ya redio unaomwongoza rubani hadi njia ya kurukia bila kuona nje, huelekeza macho yake yote kwenye mishale miwili inayopishana, na taabu yake kubwa huanzia hapo. Mshale hauendeshwi. Mshale hueleza tu matokeo ya mambo matatu ambayo rubani anayashika mwenyewe, yaani mkao wa pua ya ndege, nguvu ya injini na mwelekeo wa dira. Anayeyashika hayo matatu kwa utulivu huiona mishale ikikaa katikati karibu bila kuigusa, na anayeifukuza mishale huyapoteza yote matatu. Mwongozo huu unamlenga rubani mwenye leseni ya rubani binafsi anayejifunza kuruka kwa vyombo hapa Dar es Salaam, kwenye ndege ndogo ya injini moja kama Cessna 172. Hesabu zake zinafaa kwa ndege nyingine pia ukibadilisha mwendo. Neno la mwisho ni la mwalimu wako, la kitabu cha ndege unayorusha na la chati rasmi zinazotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Elewa kwanza mawimbi yanakuambia nini

ILS ina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni lokalaiza, inayokuonyesha kama uko kushoto au kulia kwa mstari wa njia, ambayo antena zake husimama nje kidogo ya mwisho wa njia ya kurukia na kurusha mawimbi kati ya megahezi 108.10 na 111.95. Ya pili ni glaidislopu, inayokuonyesha kama uko juu au chini ya mteremko wa kutua, ambayo antena yake iko pembeni mwa eneo la kugusia ardhi na hufanya kazi kati ya megahezi 329 na 335. Ukitega masafa ya lokalaiza, redio yako hujitegea yenyewe masafa ya glaidislopu yanayoambatana nayo. Kila sehemu hurusha milio miwili, wa hezi 90 na wa hezi 150. Kipokezi hulinganisha nguvu ya milio hiyo, nayo ikilingana, mshale hukaa katikati.

Jambo ambalo mwanafunzi anapaswa kulielewa kwa kina ni kwamba mawimbi haya yana umbo la pembe, kwa hiyo mstari hubana kadiri unavyousogelea uwanja. Lokalaiza hupangwa ili upana wake mzima, kutoka mshale kugonga kushoto hadi kugonga kulia, uwe takriban mita 210 kwenye kizingiti, yaani mwanzo wa njia ya kurukia. Kwa njia yenye urefu wa mita 3,000, hiyo ina maana kwamba mshale uliogonga pembeni ukiwa maili 5 za baharini kutoka kizingitini unakueleza kuwa uko takriban mita 400 nje ya mstari, ilhali ukiwa juu ya kizingiti, mshale uleule unaeleza mita 105 tu. Glaidislopu hubana zaidi. Kipimo chake kizima ni digrii 0.7 kila upande wa mteremko wa digrii 3, yaani karibu futi 380 ukiwa maili 5, na chini ya futi 50 ukiwa futi 200 juu ya ardhi. Rekebisho lililofaa mbali litakuwa kubwa mno karibu. Wanafunzi wengi hushuka vizuri hadi futi 600 kisha huanza kuyumba, kwa sababu mikono yao bado inarekebisha kwa kiasi kilekile cha maili 5.

Hatua ya kwanza: zijue namba za ndege yako

Kabla ya kuomba ILS hata moja, nenda na mwalimu kwenye eneo la mazoezi, katika kimo salama, mtafute namba za ndege hiyo na kuziandika. Unahitaji kujua nguvu ya injini na mkao wa pua kwa hali nne: kuruka usawa kwa noti (maili za baharini kwa saa) 100, kuruka usawa kwa noti 90, kushuka futi 500 kwa dakika kwa noti 90, na kupanda baada ya kughairi kutua. Kwenye Cessna 172 nyingi, kushuka kwa mwendo huo kukiwa na flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) digrii 10 huhitaji mizunguko ya injini kati ya 1,700 na 1,900 kwa dakika, lakini ndege mbili za aina moja hutofautiana, na namba ya kutumia ni ile uliyoipima mwenyewe.

Kisha fanya zoezi ambalo kwa maoni yangu lina faida kuliko ILS tatu zilizofanywa kwa pupa. Ukiwa umefunikwa macho yasione nje, ruka usawa kwa noti 90, weka nguvu ya kushukia na ushushe pua kwa digrii 3. Tuliza ndege kwa trimu, yaani kidhibiti kinachoondoa uzito wa usukani mkononi, shuka futi 1,000 bila kugusa kishikio cha nguvu, kisha simama usawa tena. Rudia hadi mkono wako uweke nguvu ile bila jicho kukaa kwenye kipimo. Unapofanya hivyo, kumbuka kwamba kwa noti 90, kila digrii moja ya pua hubadilisha kushuka kwako kwa takriban futi 160 kwa dakika. Rekebisho la kawaida kwenye glaidislopu ni nusu digrii, pengine digrii moja. Hilo ni badiliko dogo sana kwenye upeo bandia, kifaa kinachoonyesha mkao wa ndege, na ni lazima jicho lizoee kuliona.

Hatua ya pili: isome chati ukiwa mezani

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere una njia kuu moja, ya 05 na 23 (namba za mwelekeo wake kila upande), inayotumiwa na ndege kubwa za kimataifa, ndege za ndani na ndege ndogo nyingi zinazokwenda Zanzibar. Mwanafunzi anayefika kwenye lokalaiza ya njia ya 05 huku bado anafunua kurasa hujichelewesha na kuwachelewesha wenzake. Muhtasari wako uwe umeshausema kwa sauti kabla hujawasha injini, na uurudie angani kabla ya kugeuzwa kuelekea uwanja.

Soma masafa na alama za utambulisho, mwelekeo wa mwisho, kimo cha kudakia glaidislopu, kimo ambacho altimita (kipima kimo) inapaswa kuonyesha unapopita sehemu ya kuanzia kushuka, kimo cha uamuzi (pale unapoamua kutua au kughairi), na hatua za kwanza za kughairi kutua. Hatua hizi za mwisho zisome mara mbili. Tazama pia ardhi. Ndege inayokuja njia ya 05 hutokea kusini-magharibi, upande ambao nchi huinuka kuelekea vilima vya Pugu na Kisarawe, na kwa hiyo kushuka mapema ili kujiwekea nafasi hakukubaliki.

Piga hesabu ya kushuka kwako hapohapo mezani. Mteremko wa digrii 3 hupoteza takriban futi 318 kwa kila maili ya baharini. Njia ya haraka ni kuzidisha mwendo wako juu ya ardhi kwa 5, kisha kuongeza kidogo: noti 90 hutoa 450, na jibu kamili ni karibu 480. Angalia kwamba nimesema mwendo juu ya ardhi. Katika joto la Dar es Salaam, ukiwa kwenye futi 2,000, noti 90 za kipima mwendo ni karibu noti 95 halisi, na hapo bado hujahesabu upepo. Pasipo upepo utahitaji karibu futi 500 kwa dakika. Upepo wa mbele wa noti 15 ukikukabili, hitaji hilo hushuka hadi karibu 425.

Hatua ya tatu: tega, sikiliza, hakiki

Tega masafa, kisha sikiliza alama za Morse hadi mwisho na uzilinganishe na chati. Usiridhike kwa kuwa mshale umesogea. Kituo kilicho kwenye matengenezo kinaweza kurusha mawimbi bila utambulisho, na mshale ukayafuata. Angalia kuwa bendera za onyo zimeondoka, kwamba mwelekeo wa njia umewekwa kwenye kifaa, na kwamba kionyesha mwelekeo kinakubaliana na dira ya sumaku. Kwenye ndege za mafunzo za zamani kionyesha mwelekeo hupotoka taratibu, na kosa la digrii 5 litakufanya uulaumu upepo usiokuwepo.

Kanieneo ya hewa uliyopewa na mnara iweke kwenye altimita na uisome tena kwa sauti. Kila hektopaskali moja ni karibu futi 27 hadi 30. Kosa la hektopaskali 3 ni futi 80 au zaidi, na hizo ni nyingi mno unaposhuka kuelekea futi 200.

Hatua ya nne: daka lokalaiza ukiwa mtulivu

Ukaribiaji mzuri huamuliwa hapa. Lengo lako ni kufika kwenye lokalaiza ukiwa tayari kwenye noti 90, usawa, katika kimo kilichoidhinishwa, trimu ikiwa imekaa, na orodha ya ukaguzi ikiwa imekwisha. Waongoza ndege wakikuomba ushikilie mwendo zaidi kwa sababu ya ndege iliyo nyuma yako, una haki ya kusema kwamba huwezi. Sema mapema na kwa maneno machache, nao watapanga upya.

Kwa kawaida utapewa mwelekeo unaokata lokalaiza kwa pembe ya digrii 30. Mshale ukianza kutoka pembeni, usingoje ufike katikati ndipo ugeuke. Geuka mapema, ukiinamisha ndege kwa takriban digrii 15 tu, ambayo ndiyo pembe ya mgeuko wa digrii 3 kwa sekunde kwa mwendo wako. Ukiumaliza mgeuko, shika mwelekeo wa njia pamoja na rekebisho la upepo ulilokadiria, na uushike kweli. Hesabu taratibu hadi tano huku ukitazama mshale umeelekea wapi. Mshale ukitulia, mwelekeo wako ni sahihi hata kama hauko katikati kabisa. Ukiendelea kutembea, sasa unajua unatembea upande gani na kwa kasi gani.

Hapo ndipo unaporekebisha, na rekebisho lote lifanywe kwa namba ya mwelekeo. Badilisha digrii 5, subiri, mshale ukirudi ondoa nusu ya zile tano. Ndani ya maili 3 za mwisho, badilisha digrii 2 tu. Usiinamishe ndege kwa digrii nyingi kuliko unazotaka kubadilisha: kwa badiliko la digrii 5, mwinamo wa digrii 5 unatosha.

Glaidislopu idakwe kutoka chini daima. Mawimbi yake yana njia za uongo juu ya ile ya kweli, mojawapo ikiwa karibu na digrii 9, na anayeidaka kutoka juu anaweza kuifuata njia isiyo yake. Kinga yako ni kulinganisha kimo na umbali. Zidisha maili zilizobaki hadi kizingiti kwa 318, ongeza futi 50 za juu ya kizingiti na mwinuko wa uwanja, kisha ulinganishe na altimita na jedwali la chati. Hitilafu ikiwa kubwa na huielewi, usishuke.

Hatua ya tano: shuka kwa namba, tazama kwa mpangilio

Mshale wa glaidislopu unapokaribia katikati, weka flapu kama ulivyofundishwa, punguza nguvu hadi ile namba uliyoiandika, shusha pua digrii 3, gusa trimu. Kisha acha mikono itulie. Ndege itashuka karibu futi 500 kwa dakika yenyewe, kwa kuwa ulikwisha kuipima.

Kuanzia hapa kazi yako kubwa ni ya macho. Upeo bandia ndio kitovu: jicho litoke hapo liende kwenye kionyesha mwelekeo, lirudi, liende kwenye mishale ya ILS, lirudi, liende kwenye kipima mwendo, lirudi, liende kwenye altimita, lirudi. Kuna makosa matatu ya macho ambayo mwalimu wako atayataja mara nyingi. La kwanza ni kuganda kwenye kifaa kimoja, la pili ni kuruka kifaa kingine kabisa, na la tatu ni kukiamini kupita kiasi kile ukipendacho. Kinachosahaulika zaidi kwenye ILS ni kionyesha mwelekeo, kwa sababu mshale wa lokalaiza unaonekana kueleza habari ileile. Habari hizo hazifanani. Mshale unaeleza ulipo, mwelekeo unaeleza unakoenda, na huwezi kurekebisha kwa busara ukijua kimoja tu.

Ukiwa juu ya mteremko kidogo, shusha pua nusu digrii, ngoja, kisha iregeshe kabla mshale haujafika katikati. Mwendo ukibadilika zaidi ya noti 5, gusa nguvu kwa mizunguko 100, si zaidi. Jiwekee sharti tangu sasa: mshale wowote ukizidi nusu ya kipimo chake ukiwa chini ya futi 1,000 juu ya uwanja, ghairi kutua. Sharti hilo ni gumu kwa mwanafunzi, lakini humzoeza kujua kwamba kurudi juu ni sehemu ya kazi.

Wakati mwingine katika siku ya anga safi utaona mishale ikitikisika ghafla bila sababu. Huenda ni ndege au gari lililopita karibu na antena, kwa kuwa eneo hilo hulindwa kwa ukali zaidi hali ya hewa inapokuwa mbaya. Shika mkao na mwelekeo wako, usiufuate mtikisiko, na mwarifu mwongoza ndege kwamba unafanya mazoezi ya ILS.

Upepo wa Dar es Salaam na hesabu zake

Mwanafunzi wa hapa ana bahati ya kujifunza katika pepo mbili zinazojulikana. Kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki, huielekea njia ya 05 karibu moja kwa moja. Lokalaiza huwa rahisi, lakini mwendo juu ya ardhi hupungua, kwa hiyo mteremko huhitaji kushuka polepole na nguvu kidogo zaidi. Upepo huo hulegea karibu na ardhi, na hapo mwendo juu ya ardhi huongezeka, hivyo utahitaji kushuka haraka zaidi katika futi za mwisho kuliko ulivyoanza.

Kusi, katika miezi ya katikati ya mwaka, ni mwalimu mkali zaidi. Ukivuma kutoka kusini-mashariki, huikata njia ya 05 kutoka kulia. Zidisha upepo wa ubavuni kwa 60 na ugawanye kwa mwendo wako halisi: noti 15 kwa mwendo wa noti 95 ni digrii 9 au 10 za kuelekeza pua kulia. Upepo unapopungua kadiri unavyoshuka, digrii hizo huwa nyingi mno, na mshale huanza kukuambia kwamba umevuka kwenda kulia. Ondoa digrii mbili mbili kabla haujakuambia. Tena, ukitoka mawinguni, usiitafute njia ya kurukia mbele ya pua. Pua imeelekea kulia, kwa hiyo njia itakuwa kushoto kwake, na mwanafunzi asiyelijua hilo hugeuza pua kuielekea njia na kuharibu kazi yote.

Asubuhi hewa huwa tulivu, na alasiri upepo wa baharini huongezeka. Anza mazoezi asubuhi, uhamie alasiri ukishaweza. Mawingu ya kawaida ya masika, Machi hadi Mei, yanaweza kuwa darasa zuri ukiwa na mwalimu mwenye sifa na ndege iliyoidhinishwa, lakini mawingu ya radi si darasa la mtu yeyote. Utabiri wa uwanja kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ukiyataja, baki ardhini.

Hatua ya sita: kimo cha uamuzi

Kwa ILS ya kundi la kwanza, kimo cha uamuzi hakishuki chini ya futi 200 juu ya kizingiti. Kumbuka kwamba altimita husoma kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo namba utakayoiona inajumuisha mwinuko wa uwanja. Tumia ile iliyoandikwa kwenye chati. Tangaza kwa sauti futi 1,000, futi 500 na futi 100 kabla ya uamuzi, hata ukiwa peke yako na mwalimu.

Kwenye kimo hicho kuna majibu mawili tu. Ukiona taa za ukaribiaji au njia yenyewe na ndege iko mahali pa kutua kwa kawaida, endelea. Usipoona, ongeza nguvu yote, inua pua hadi mkao wa kupanda, hakikisha altimita inapanda, kunja flapu kwa hatua, fuata mwelekeo wa chati, na redio iwe ya mwisho. Kusubiri sekunde mbili zaidi ili kuona ni kushuka karibu futi 17 nyingine bila ruhusa ya mtu.

Hatari nyingine huja kwa yule anayeona. Taa zikitokea, mkono huvutika kusukuma pua chini ili kuifikia njia haraka. Acha mkao uleule na nguvu ileile. Taa za PAPI, zilizo pembeni mwa njia kuonyesha mteremko, zikionyesha mbili nyekundu na mbili nyeupe, endelea nazo hadi wakati wa kuinua pua. Mwombe mwalimu akuondolee kifuniko cha macho wakati mwingine kwenye kimo cha uamuzi, na wakati mwingine asikiondoe, bila kukuambia mapema. Anayejua kila mara kwamba ataona hajajifunza kuamua.

Mazoezi ya ardhini na kumbukumbu za kila safari

Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga vinataka saa 40 za kuruka kwa vyombo kwa anayeomba sifa hiyo, na huruhusu sehemu yake, hadi saa 20 au hadi 30 panapotumika simuleta, ifanyike ardhini. Zitumie saa hizo kwa yale ambayo angani ni ghali: kudaka glaidislopu mara nyingi mfululizo, kughairi kutua kwa ghafla, na kuzimikiwa na upeo bandia katikati ya mteremko. Programu ya kompyuta ya nyumbani inafaa kwa kuzoea chati, maneno ya redio na mpangilio wa macho, lakini usiitegemee kukupa hisia ya trimu wala ya upepo.

Baada ya kila ILS, kabla hujashuka ndegeni, andika mistari minne: mwelekeo ulioshikilia lokalaiza, nguvu iliyoshikilia mteremko, upepo uliopewa na mnara, na kimo ambacho mshale ulianza kukusumbua. Ukiwa na kurasa chache za namna hiyo utaona kosa lako linajirudia wapi. Likiwa juu ya futi 1,500, tatizo ni kudaka, na unapaswa kurudi hatua ya nne. Likiwa chini ya futi 500, marekebisho yako ni makubwa mno, na zoezi linalofuata ni ILS nzima ambayo mwalimu anakukataza kubadilisha mwelekeo kwa zaidi ya digrii 2 baada ya maili 3. Mwendo ndio ukiyumba kila mahali, acha ILS kwa safari moja, rudi eneo la mazoezi, upime upya zile namba nne.